Mtaalamu wa nishati na kijiwe cha Kwamndolwa

Hebu chukua mtaala wowote wa mafunzo ya "usafiri endelevu kwa wataalamu wa nishati", uuweke mezani, halafu uulize swali moja tu: mtu akimaliza kozi hii, ataweza kumjibu kijana wa bodaboda wa Kwamndolwa anayetaka kujua kama pikipiki ya umeme itamlipa?

Kwamndolwa ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Nimeichagua makusudi. Siyo Kimara wala Gerezani, ambako mabasi ya mwendokasi yanapita tangu Mei 2016 na ambako kila mtoa mada hukimbilia kupiga picha za kuweka kwenye slaidi zake. Ni mji mdogo wenye mashamba ya mkonge jirani, reli ya zamani, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na bodaboda. Watanzania wengi wanaishi mahali panapofanana na hapo kuliko panapofanana na Kariakoo. Kwa hiyo kama mafunzo hayafanyi kazi Kwamndolwa, usiniambie yanafanya kazi Tanzania.

Wazo lenyewe si baya, na nianze kwa kulitendea haki. Katikati ya miaka ya 2000 Umoja wa Ulaya ulilipia miradi ya mafunzo, mmoja wao ukiitwa TREATISE, ili watu wa mashirika ya nishati ya mitaa, waliozoea kushauri kuhusu taa na madirisha ya majengo, wajifunze kushauri pia kuhusu magari, mafuta na safari. Hoja yao ilikuwa rahisi: mafuta ya gari nayo ni nishati, basi kwa nini mtu wa nishati ayaachie njiani? Hoja hiyo inatuhusu hata zaidi sisi ambao kila lita ya petroli inakuja kwa meli na kulipiwa kwa dola.

Shida ni jinsi tulivyoligeuza wazo hilo kuwa semina.

Anza na vyuo. Kupitia mradi wa EASTRIP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Tanzania ilipata vituo vinne vya umahiri. Kituo cha nishati jadidifu kilipewa Chuo cha Ufundi Arusha, kule Kikuletwa. Kituo cha usafiri wa anga na uendeshaji wa usafirishaji kilipewa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Viwili vingine ni vya TEHAMA na vya ngozi. Sina ugomvi na chuo chochote kati ya hivyo. Lakini umeona ramani ilivyochorwa? Nishati iko kaskazini, usafiri uko Dar es Salaam, na kati yao kuna mamia ya kilomita za lami. Pikipiki ya umeme, ambayo ni mtoto wa wote wawili, inakaa kwa nani? Na hapa kuna jambo la kufurahisha kidogo: maji ya mto Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatoka kuwa mto Pangani, yakapita Korogwe na kuzungusha mitambo ya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68). Maji yamefika Korogwe siku nyingi. Mtaala bado.

Wasimamizi nao wamegawana hivyohivyo. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi na ndiyo inayoidhinisha bei ya umeme. LATRA hutoa leseni za usafirishaji. REA husambaza nguzo vijijini, TANESCO huuza uniti. Kijana wetu wa kijiweni yuko chini ya wote wanne kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kumwona mzima mzima. Ndiyo maana mafunzo haya ni muhimu, na ndiyo maana yakifanywa hovyo inauma.

Sasa twende ndani ya darasa. Karibu kila kozi ya aina hii imejengwa juu ya maneno matatu yaliyozaliwa Ujerumani miaka ya 1990: epuka, hamisha, boresha. Epuka safari zisizo za lazima. Hamisha watu kutoka magari binafsi waende kwenye mabasi, baiskeli na miguu. Boresha vyombo vinavyobaki. Kwa mji uliojaa magari binafsi, ni mpango safi kabisa. Ukiupeleka Kwamndolwa bila kuugeuza, unakuwa kichekesho. Mama anayetembea na ndoo kichwani unamwambia aepuke safari ipi? Mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu unamhamishia wapi? Hao wameshafika kwenye "usafiri endelevu" zamani, kwa shida, na wanatamani kutoka.

Tena jambo hili tulilijua sisi wenyewe kabla ya maneno hayo matatu kuwa fasheni. Mradi wa usafiri vijijini wa Makete, ulioanza katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ulipima safari za kaya na kukuta kwamba sehemu kubwa ya usafiri wa kijijini haihusu barabara kuu wala gari. Ni miguu, ndani na pembezoni mwa kijiji: maji, kuni, mashine ya kusaga. Na anayebeba ni mwanamke. Somo la Makete ni la nishati moja kwa moja (kuni ni nini kama si nishati?), limefanyika Tanzania, na lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa mtaala. Wewe umelisikia darasani? Mimi nalitaja kwa watu wa uhandisi wa umeme wananitazama kama nimetaja hadithi ya sungura.

Kuna na mkaa. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Safi. Lakini mkaa haufiki mjini kwa miguu yake. Unaletwa na baiskeli na pikipiki zilizopakiwa gunia mbili tatu mpaka dereva haonekani. Na mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha, kuujaza ni safari: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, au siku ya kusubiri mtu anayekwenda mjini. Familia ya pembezoni ikirudi kwenye mkaa, mara nyingi si kwa sababu haijahamasishwa. Ni nauli. Mtaalamu wa nishati asiyehesabu nauli ndani ya bei ya gesi anahesabu nusu ya bei, halafu anashangaa mitungi inakaa uvunguni mwa kitanda.

Basi turudi kijiweni, maana hapo ndipo ninapotaka mtaala upimwe. Nitafanya hesabu ambayo kozi nyingi huiruka. Chukua kalamu.

Pikipiki ya kawaida ya biashara hula kama lita 2.3 kwa kilomita 100. Tuseme kijana anakimbia kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: kilomita 2,600. Hiyo ni karibu lita 60. Kwa bei ya kufanyia hesabu ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Pikipiki ya umeme ya ukubwa unaolingana hutumia kama uniti 4 za betri kwa kilomita 100, na ukiongeza zinazopotea kwenye chaja, unachota uniti 4.5 ukutani. Kwa mwezi, uniti 117.

Hapa mtoa mada huzidisha 117 kwa bei anayoijua, anapata tarakimu ndogo, watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Subiri kwanza. Bei ipi?

Kwa mujibu wa bei za mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani yuko kundi la D1: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kinachozidi ni shilingi 350. Mteja wa kawaida yuko T1, shilingi 292 kwa kila uniti. Zote hizo ni kabla ya kodi na tozo, ambazo ni asilimia 22 ukijumlisha VAT, REA na EWURA. Sasa kijana huyu anaishi na mama yake. Nyumba ina taa, redio, simu za kuchaji. Inatumia uniti 30 kwa mwezi, yaani shilingi 3,000. Akichomeka pikipiki pale sebuleni, mita inasoma uniti 147. Mwezi wa kwanza LUKU itawakata kwa bei ya 350 kwa kila uniti iliyozidi 75. Wakiendelea hivyo wanahamishiwa T1, na uniti zote 147 zinakuwa shilingi 42,924. Taa ya mama, ambayo haikuongezeka hata sekunde moja, imepanda kutoka shilingi 3,000 hadi 8,760.

Je, bado inalipa? Inalipa. Nyongeza yote kwenye umeme, pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 48,700 dhidi ya 180,000 za mafuta. Anabaki na zaidi ya 131,000 kwa mwezi. Usinielewe vibaya: sipingi pikipiki ya umeme, hesabu inaipendelea kwa mbali. Ninachopinga ni mtaalamu kuja na tarakimu isiyojua kwamba mama yupo. Maana ugomvi wa LUKU ndani ya nyumba ukianza, pikipiki itarudishwa kwa mwenye nayo, na kijiwe kizima kitatangaziwa kwamba "umeme unakula hela". Baada ya hapo, hata ulete semina kumi.

Halafu betri. Tuseme ni ya volti 72 na ampia-saa 40, karibu uniti 2.9. Kwa kilomita 100 kwa siku, unaimaliza mara moja na karibu nusu. Ikivumilia mizunguko 1,000 kamili, ni siku kama 720 za kazi, yaani miezi 27 na kitu. Sasa linganisha na namna vijana wengi wanavyopata pikipiki: kwa mkataba, unapeleka hesabu kila siku mpaka deni liishe ndipo chombo kiwe chako. Mkataba ukiwa mrefu, kijana anakabidhiwa kadi ya umiliki wakati betri inakata roho. Tajiri amekula hesabu, kijana amerithi mzoga. Hilo si swali la uhandisi wa betri peke yake; ni swali la nani anamiliki betri, na linatakiwa lifundishwe ukurasa uleule wa ampia-saa. Kampuni kama Ampersand ya Rwanda zinabadilisha betri kituoni badala ya kumuuzia dereva, na sababu kubwa ni hii. Kwa mji wenye vijiwe vichache na madereva waliotawanyika, je, kituo cha kubadilishia betri kinajilipa? Hapo ndipo ningependa kuona wanafunzi wa kozi wakitoka jasho.

Nyongeza ndogo ya fizikia, kwa sababu Korogwe si tambarare yote. Pikipiki, dereva, abiria na begi ni kama kilo 250. Kuinua kilo 250 mita 800 kwenda juu Usambara kunahitaji uniti 0.54 kwa nadharia, na mota ikiwa na ufanisi wa asilimia 75, uniti 0.73. Robo ya betri imekwenda kwa kupanda tu, kabla hujahesabu umbali. Jedwali la "kilomita kwa chaji" lililopimwa kwenye lami tambarare huko lilikotengenezwa halitamwambia dereva jambo hilo. Mtu wa nishati wa Korogwe anapaswa kumwambia.

Tukitoka kwenye nyumba moja, tuangalie nguzo. Transfoma ya fezi tatu ya kVA 50, ambayo si ndogo kwa mtaa wa pembezoni, hutoa kama ampia 72 kwa kila fezi. Chaja ya wati 600 inachota karibu ampia 2.9. Gawanya: pikipiki 25 tu zikichomekwa kwenye fezi moja, fezi imejaa, kabla ya taa moja kuwaka mtaani. Na zitachomekwa saa ngapi? Saa mbili usiku madereva wakirudi, saa ileile ya taa na televisheni. Fyuzi ikikatika, mtaa mzima giza, na anayelaumiwa ni fundi wa TANESCO ambaye hakuna aliyemfundisha kuuliza kijiwe kiko fezi gani. Dawa si ngumu: gawanya mzigo kwenye fezi tatu, chaji baada ya saa tano usiku au mchana wakati dereva anakula. Lakini kwa nini dereva asubiri saa tano wakati T1 inamtoza shilingi 292 ileile usiku na mchana?

Kenya walilishika hilo. Bei zao za umeme zilizoanza Aprili 2023 ziliweka kundi maalumu la usafiri wa umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida na 8 saa ambazo mahitaji yameshuka. Ukiangalia vizuri, hayo ndiyo matunda ya mtu wa nishati aliyefundishwa usafiri. Hakununua basi lolote. Alibadilisha mstari mmoja kwenye jedwali la bei, na mstari huo unamfundisha kila dereva saa ya kuchaji bila semina. Hapa kwetu nasubiri kuona mhitimu wa kozi akipeleka pendekezo la namna hiyo EWURA.

Utaniambia sasa umeme upo wa kutosha, Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115. Ni kweli, na mwaka 2024 tulifika mahali TANESCO ikazima baadhi ya mitambo kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Lakini kuwa na umeme Rufiji na kuwa nao kwenye soketi ya kaskazini ni mambo mawili. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini, kwa hoja ya upotevu njiani umeme unaposafirishwa kutoka mbali. Watu walibishana sana mitandaoni, wengi kwa hasira. Kwa mwalimu wa kozi lile lilikuwa somo la bure: umbali una bei hata kwa umeme, na mzigo mpya wa pikipiki kaskazini si sawa na mzigo uleule Morogoro.

Kitu kingine kinachonikera ni lugha na mahali. Mafunzo yanafanyika ukumbini, kwa slaidi za Kiingereza, kwa maofisa ambao wakirudi ofisini wanaweka cheti kwenye faili. Anayegusa waya ni fundi aliyepita VETA. Anayeuza pikipiki ni muuza duka. Anayepanga zamu kijiweni ni mwenyekiti wa kijiwe. Hao watatu ndio "wataalamu wa nishati wa mtaa" wa kweli, na kwao maneno yapo tayari: uniti, fezi, hesabu, mkataba, kukata chaji. Haihitajiki kamusi mpya. Huko Handeni na Korogwe bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kwenda Chongoleani lilipopita, watu walifundishwa kuchomea, kuendesha mitambo, usalama kazini. Yaani tukitaka kumfundisha mtu wa hapa ili mafuta yapite kwenda kuuzwa nje, inawezekana. Kumfundisha ili asinunue petroli ya chupa pembeni ya barabara, tunaita kongamano.

Kama ningepewa kozi hii niifundishe, ningefuta siku nzima ya mabasi ya miji mikubwa na kupeleka darasa Kwamndolwa wiki moja. Siku mbili za kwanza kijiweni na daftari: kilomita, lita, abiria, mizigo, nani anadai nani. Siku ya tatu kwenye nguzo na fundi, kupima ampia za kila fezi kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku. Siku ya nne kwenye nyumba tatu, kusoma LUKU pamoja na mwenye nyumba na kuuliza mtungi wa gesi ulijazwa lini na kwa nauli gani. Siku ya tano kila mwanafunzi anasimama mbele ya madereva na kusema kwa Kiswahili, kwa shilingi, nani atapata na nani atapoteza. Madereva ndio wanaotoa maksi.